Naombeni ushauri: mapambo ya vuli ya bei chee, watoto wajifunze na kushukuru

MamaWawili_Ughaibuni:
Habari zenu wapendwa. Niko Marekani na mume na watoto wawili, wa miaka 4 na 6. Huku vuli ikifika majani yanapukutika na kila kibaraza kinajaa maboga, mashada mlangoni, sanamu za kutishia ndege, na wangu wakirudi shule wananiuliza mbona kwetu patupu. Hela sina. Halafu siku hizi wana kiburi, unampa kitu anakutazama, "hiki tu?" Nataka mapambo ya bei chee ambayo papo hapo yatawafunza shukrani, Thanksgiving, sikukuu ya huku ya kushukuru, ni Alhamisi ya nne ya Novemba, ifike hapo wamenyooka. Matusi sitaki, nina mawazo ya kutosha.

Kitumbua Moto:
Wa kwanza leo. Boga mnalipamba? Sisi tunalitia nazi.

Shangazi wa Minnesota:
Mdogo wangu usinunue kitu. Toka na watoto muokote majani, yale mekundu, uyabane kwenye kitabu kizito wiki hivi maana ukiyaacha tu yanajikunja na kuvunjika. Kisha tafuta tawi kavu, lisimamishe kwenye chupa yenye kokoto. Jioni kila mtoto anataja mtu na alichomfanyia, unaandika kwenye jani la karatasi, yeye analitundika kwa uzi. Usimuulize anashukuru nini, wa miaka 4 atakujibu keki mpaka Krismasi. Muulize leo nani kakufunga kamba za viatu. Wangu alimtaja dereva wa basi la shule eti alimsubiri alipokimbia kurudi kuchukua glavu, tukampelekea jani lake, yule mzee akalibandika pale mbele ya usukani likakaa hadi theluji.

Mzee wa Singida:
Dawa ni fimbo. Sisi tumechunga mbuzi peku, ukipewa kiazi unapiga goti. Nakumbuka mbuzi mmoja alipotea nikalala porini, baba hakuuliza nimekula nini aliuliza mbuzi yuko wapi. Leo mtoto anataka shada la mlangoni.

Bingwa wa Maboga:
Ukinunua boga usilichonge. Zima linaweza kukaa wiki kadhaa kibarazani kama baridi haijaligandisha, ukilichonga siku chache tu limeota ukungu na kindi wanamalizia. Wape watoto rangi walichore. Na chukua yale madogo ya kutengenezea pai ndiyo matamu, yale makubwa ya Halloween ni maji na nyuzinyuzi, sasa wewe lete nazi uone utakavyojuta.

MamaWawili_Ughaibuni:
Asanteni. Ila tawi kavu si litaonekana la kimaskini? Maana shada lenyewe ni la rangi ya shaba na lina taa ndogo ndogo, halitaendana.

Dada Mkubwa:
Shada lipi tena? Si umesema huna hela? Umeshanunua wewe.

MamaWawili_Ughaibuni:
Vichache tu. Shada, maboga ya plastiki, zulia la mlangoni. Kama dola 180 hivi, vingine bado viko kwenye buti ya gari. Ni vya kudumu, mwakani sinunui tena.

Dada Mkubwa:
Dola 180 zimetoka wapi?

MamaWawili_Ughaibuni:
Jamani. Ni ile tunayomtumia mama mkwe kila mwezi, mume aliniachia nitume. Mwezi ujao natuma dabo. Ana shamba, ana kuku, halali njaa yule. Na si ni kwa ajili ya wajukuu zake?

Mwalimu Mstaafu:
Yaani wajukuu wanafundishwa shukrani kwa hela ya bibi, na bibi mwenyewe hajui kama kachangia.

Wifi wa Tatu:
Msimshambulie. Mimi wangu nilimtumia ya dawa za presha, akamnunulia wifi yangu simu kubwa kuliko yangu. Na kwenye harusi hakunisalimia, ila hayo nitafungulia uzi wake.

Kachero:
Subirini kwanza. Mwezi wa sita huyu huyu aliuliza humu msusi wa Houston. Houston Oktoba hii watu wako na kaptura, hayo majani yanayopukutika kayaona wapi? Chai hii, leteni vitafunwa.

Kitumbua Moto:
Nimefika 😂

MamaWawili_Ughaibuni:
Tulihama, tuko Columbus, Ohio. Lazima niwaage humu nikihama? Nimeomba ushauri wa mapambo mnanifanyia upelelezi.

Kachero:
Poa. Risiti unazo? Rudisha vyote kesho bibi apate hela yake. Ukikataa, ni chai.

MamaWawili_Ughaibuni:
Vya kwenye buti naweza. Shada nimeshalitundika na mume kalisifia, kaniuliza limetoka wapi nikamwambia nimepewa kanisani.

Shangazi wa Minnesota:
Haya, wa miaka 6 akitaka kuwaandikia jani watu wa kanisani utamwambiaje? Maana ataomba mulipeleke Jumapili.

Jirani_Columbus:
Mimi niko Columbus kweli. Hilo shada nakupa dola 15 nakuja kulichukua leo, mume mwambie limeanguka na upepo, na hizo 15 mtumie bibi.

MamaWawili_Ughaibuni:
25. Nililinunua 40.