Tunahamia Leeds mwezi wa nane: tuanze na shule au tuanze na nyumba?

Mama Wawili, Morogoro

Habari za humu ndugu zangu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa shule za msingi za Uingereza.

Mume wangu amepata ufadhili wa PhD Leeds, anaanza Oktoba 2025, na tumekubaliana twende wote. Tunaondoka tarehe 9 Agosti. Mkubwa ni binti, amezaliwa 28 Agosti 2017, yuko darasa la pili hapa Moro, mchepuo wa Kiingereza. Mdogo ni wa kiume, amezaliwa Oktoba 2020, yuko chekechea.

Watoto wakishalala nakaa na simu nasoma ripoti za Ofsted, wale wakaguzi wa shule wa huko, hadi saa saba usiku. Nimejaza nusu ya daftari la kaunta: jina la shule, idadi ya wanafunzi, walichosema wakaguzi. Kuna shule moja imenikaa moyoni. Ripoti yake ya mwaka 2022 inasema ni bora kabisa, na kwenye picha kuna kibustani ambacho watoto wanapanda mboga. Niliwaandikia barua pepe, wakanijibu kwa upole kwamba niombe kupitia halmashauri. Sasa nimepata nyumba mtaa huohuo na wakala anataka amana ili atushikie.

Je, nilipe? Halafu binti yangu hao watu wanamhesabu "mwaka wa nne", wakati hapa ni darasa la pili. Naweza kuomba arudishwe nyuma? Na viza yetu imeandikwa kwamba haturuhusiwi fedha za umma. Hiyo ina maana tutalipa ada? Naogopa kukosea, maana watoto ndio wanaong'olewa walikozoea bila kuulizwa.

Msafiri77, Temeke

Hongereni dada. Mimi naona shule ikishakuwa na ripoti nzuri, lipa amana, shika nyumba. Mengine yatajipanga mkifika.

Mama Bustani, Leeds

Dada yangu wa Moro, usilipe. Ndugu wa Temeke ameshauri kwa nia njema, lakini alichokisema ndicho nilichofanya mimi mwaka 2022, na kilinigharimu miezi mitano ambayo sitaki uipitie.

Tulikuja Agosti kama nyinyi, kutokea Kibaha. Mkubwa wangu aliingia mwaka wa nne, mdogo mwaka wa kwanza. Nami nilikuwa na shule yangu ya moyoni, tukapanga nyumba ambayo kutoka dirisha la jikoni unaliona geti lake. Tulipoomba, mkubwa akapata. Mdogo akakosa. Sababu ni kwamba risepsheni (darasa la kuanzia shule, kabla ya mwaka wa kwanza), mwaka wa kwanza na mwaka wa pili sheria inataka mwalimu mmoja asizidi watoto 30 darasani, na darasa lile lilikuwa na 30 kamili. Ukiwalilia hawakufungulii, kwa sababu kweli hawawezi.

Mdogo akapewa shule nyingine, mwendo wa dakika 25 kwa miguu, na mageti yote mawili yanafunguliwa saa tatu kasorobo asubuhi. Nilikuwa namwacha mkubwa kwenye geti mapema, peke yake, halafu nambeba mdogo mgongoni nusu ya njia ili tuwahi. Saa tisa na robo alasiri, kinyume chake. Mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni giza limeshaingia, mvua inanyesha ya pembeni, na mtoto wa miaka sita anakuuliza kwa nini yeye hakupendwa na shule ya kaka yake. Swali hilo sijalisahau.

Kwa hiyo nilichojifunza ni hiki: wewe hutafuti shule bora. Unatafuta shule yenye nafasi mbili, ya mwaka wa nne na ya risepsheni, chini ya paa moja. Ukishaijua, ndipo utafute nyumba ya kuifikia kwa miguu. Wapigie halmashauri ya Leeds, idara ya kuandikisha wanafunzi, au waandikie. Usiwaulize shule ipi nzuri, hawatakwambia. Waulize shule zipi kwa wiki hii zina nafasi katika madarasa hayo mawili. Halafu piga simu shule moja moja uhakikishe, kwa sababu familia zinahama na nafasi zinabadilika. Fanya hivyo kabla ya katikati ya Julai. Shule zinafungwa karibu na mwisho wa Julai hadi Septemba, na utakapotua tarehe 9 Agosti utakuta ofisi zimefungwa, simu inaita tu.

Kwa wiki chache za kwanza chukueni chumba cha muda. Mkilazimika kutoa amana ya kushikia nyumba, mjue kisheria haitakiwi kuzidi kodi ya wiki moja. Wakala akitaka zaidi, mkatalieni.

Kuhusu ripoti, zisome, ila soma maelezo ya ndani. Lile neno moja la kuipima shule nzima lilifutwa kwa shule za serikali tangu Septemba 2024, na "bora kabisa" ya 2022 inaweza kuwa ya mwalimu mkuu ambaye ameshaondoka. Mimi leo ningeuliza wamewahi kupokea watoto wangapi waliofika katikati ya mwaka kutoka nje, na siku ya kwanza huwa wanawafanyia nini. Shule iliyompokea mdogo wangu haikuwa na sifa hizo kubwa. Lakini siku ya kwanza mwalimu alikuwa amebandika ukutani neno "Karibu", ameliandika kwa mkono. Nilitoka nje nikalia.

Ada: shule ya serikali hulipi, na haihesabiwi katika zile fedha za umma zilizoandikwa kwenye viza. Chakula cha mchana kwa watoto wa risepsheni hadi mwaka wa pili ni bure kwa wote, kwa hiyo kijana wako atakula. Wa binti utalipia au utamfungia.

Kijana wako ana jambo lake. Maombi ya risepsheni yalifungwa tarehe 15 Januari na majibu yakatoka 16 Aprili, kwa hiyo nyinyi mtahesabiwa kama mliochelewa. Usiogope. Anatimiza miaka mitano Oktoba, na sheria inamlazimu kuwa shuleni kuanzia muhula unaofuata, yaani Januari 2026. Msipopata Septemba hamjavunja sheria, ila ombeni hata hivyo.

Ikitokea mmoja amepata na mwingine amekosa, mwandikisheni aliyepata, halafu mwingine awekwe kwenye orodha ya kusubiri shule hiyohiyo. Foleni yao haiendi kwa aliyetangulia kufika. Inapangwa kwa vigezo, na shule nyingi zinampa uzito mwenye ndugu ndani. Mdogo wangu alipanda kutoka nafasi ya sita hadi ya kwanza kwa sababu ya kaka yake. Februari familia moja ikahama, tukapigiwa simu.

Mwl. Mstaafu, Iringa

Mama Wawili, nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 31, naomba niseme la binti.

Hajarukishwa. Huko wanapanga kwa umri, mwaka unakatwa tarehe 31 Agosti. Angezaliwa siku nne baadaye angekuwa mwaka wa tatu. Kwa hiyo atakuwa mdogo kuliko wote darasani, na hilo ndilo umwambie mwalimu wake siku ya kwanza. Kuomba arudishwe nyuma inawezekana, lakini uamuzi ni wao, na mtoto anayejiona mkubwa kati ya wadogo naye huumia kwa namna yake.

Mfungie daftari zake za mwaka huu, zote, hata zenye makosa. Mwalimu akifungua daftari anamwona mtoto kuliko anavyomwona kwenye karatasi ya alama. Na nyumbani endeleeni na Kiswahili. Kiingereza atakipata uwanjani. Kiswahili akikipoteza, atarudi hawezi kuongea na bibi yake.

Mama Wawili, Morogoro

Shikamoo mwalimu. Asante sana. Dada wa Leeds, nimesoma habari ya mtoto wako na lile swali lake nikamwamsha mume wangu asome. Sijalipa amana, nimemwandikia wakala kwamba tumesitisha. Kesho nawapigia halmashauri. Naomba kuuliza moja tu: huyo mkubwa wako aliyeingia mwaka wa nne kutoka huku, masomo alimudu?

Mwl. Mstaafu, Iringa

Marahaba mwanangu.

Mama Bustani, Leeds

Alimudu, ila si pale nilipodhania. Niliogopa hesabu. Sasa mwaka wa nne, mwezi wa sita, wanafanya jaribio la jedwali la kuzidisha kwenye kompyuta, maswali 25, kila moja sekunde sita, hadi 12 mara 12. Mwanangu alikuwa ameimba jedwali tangu darasa la kwanza, mwalimu anagonga fimbo mezani wanaitikia. Akapata 25 zote. Alikuja mbio hadi getini na begi limefunguka, kalamu zinadondoka nyuma yake.

Kilichomsumbua ni kusoma. Alikuwa anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini mwalimu akimuuliza "unadhani kwa nini yule msichana alificha barua?", anakaa kimya. Anasema, mama, haijaandikwa. Huku wanataka mtoto aseme anachofikiri hata kama hakimo kwenye kitabu, na asipojibu wanadhani hajaelewa. Sisi tulimfundisha jibu liko kwenye kifungu.

Kwa hiyo kuanzia leo hadi Agosti, ukimsomea hadithi usiku, hata ya sungura na fisi, simama katikati umuulize kwa nini sungura amefanya vile. Akikosea mwache amalize. Muulize kwa Kiswahili, inatosha.

Halafu nitumie ujumbe ndani ukishapata majina ya shule zenye nafasi. Nitazitembelea zote, nikupigie picha ya njia kutoka kituo cha basi hadi getini.