Tupeane uzoefu: kipaji chako ulianzaje kukitumia kwa Mungu? (sio kwaya tu jamani)

Mzee wa Mikseri

Bwana asifiwe wapendwa. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu, leo nimeona niilete. Kila nikisikia neno karama kanisani watu wanawaza vitu vitatu, kuimba, kuhubiri na kuombea wagonjwa, sasa sisi ambao hatuna hata kimoja hapo tukae kwenye benchi tupige makofi mpaka lini?

Naanza na yangu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, niko Morogoro. Kwaya ya vijana nilijiunga 2011 kwa sababu washkaji zangu wote walikuwa humo, nikawekwa bezi, ila ukweli sikio la kuimba sina kabisa, mwalimu anatoa "do" mimi natoa kitu ambacho hata kwenye noti hakipo. Siku moja kabla ya tamasha mwalimu akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akaniambia kaka kesho wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe. Aisee niliumia. Kesho yake nimesimama mstari wa nyuma nafungua mdomo kama perege, ghafla spika zikaanza kulia ule mluzi wa kutoboa masikio, watoto wanalia, mchungaji anagongagonga maiki ndo kwanza inazidi. Nikatoka mstarini na joho langu nikaenda kuangalia. Kumbe spika walizipanga nyuma ya waimbaji, kwahiyo maiki inaisikia spika, inarudisha ile sauti kwenye spika, spika inaitoa tena maiki inaidaka, inazunguka hivyo hivyo mpaka inakuwa mluzi. Nikashusha geini (kile kitufe cha nguvu ya maiki), spika nikazileta mbele ya maiki zikatazama waumini, kimyaa. Tangu siku hiyo niko kwenye mikseri, ile mashine ya kurekebisha sauti, sijarudi kwenye bezi na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwanini hahaha.

Baadae nikaja kusoma Kutoka 31, Mungu anamtaja mtu kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri wa kabila la Yuda, anasema amemjaza roho ya Mungu, halafu ukiangalia kazi yenyewe ni kufua dhahabu na shaba, kukata vito na kuchora mbao. Fundi! Ile sura nilisoma mara tatu siku hiyo.

Changamoto zipo, huyu anasema sauti kubwa huyu anasema ndogo dakika hiyo hiyo, jenereta linakata katikati ya mahubiri wanaokutazama ni wewe. Kuna na kijana mmoja kila jumapili lazima aje kusimama kwenye spika ya kushoto anashikashika boksi, nimeshamtimua kama mara tatu maana najua ipo siku atanikatia waya, ukimsemesha anatabasamu tu.

Haya, leteni visa vyenu. Mahubiri hapana, mahubiri tunayapata jumapili, leta kisa, ulijuaje na kimekugharimu nini.

Mama Cherehani

Ameen mwanangu, hapo kwenye perege nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniuliza.

Mimi ni fundi nguo, Moshi, cherehani yangu ya kwanza ilikuwa ya miguu nilirithi kwa mama mkwe. Kila mwaka wakati wa kipaimara kuna watoto wanaofaulu mafundisho yote halafu wiki ya mwisho hawaonekani, nikawa nasikia tu wazee wa kanisa wanasema watoto wa siku hizi hawana msimamo. Mwaka mmoja nikamfuata binti mmoja nyumbani kwao, kwa bibi yake, nikakuta shida sio msimamo, shida ni gauni jeupe. Wenzake watavaa nyeupe yeye hana, anaona aibu. Nilirudi nikachukua vipande vilivyobaki vya gauni la bibi harusi nikamshonea usiku ule ule, vilipoungana kiunoni nikaficha na mkanda.

Kuanzia hapo kila bibi harusi akija namwambia mapema, kitambaa kikibaki sikurudishii, kina kazi. Hakuna aliyekataa mpaka leo. Mwaka huu nimetoa magauni 6 na mashati 4.

Ila na mimi niseme la moyoni maana kaka umeuliza gharama. Kuna usharika, sitautaja, waliniletea vitambaa vya kwaya joho 42. Arobaini na mbili! Mwenzenu nikashona mwezi mzima, wateja wangu nikawaambia wasubiri, siku ya kuchukua wakanipa soda na "Mungu atakulipa". Uzi nilinunua mimi, umeme wa kupigia pasi wangu. Nililia. Nilivyotulia nikajipangia, yatima na mjane nashona bure na sitamwambia mtu, kwaya yenye mfuko na mweka hazina mtalipa, nitapunguza bei lakini mtalipa. Wengine walinuna wakasema nimeingiza biashara kwenye huduma. Dorkasi kule Yafa kwenye Matendo 9, alipokufa waliokuja kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea ni wajane, sikuona pahala wameandika kwaya.

kilaza_wa_hesabu

Mama Cherehani hiyo ya mwisho 😂😂 wanakwaya wakikuona watakutoa kwenye ratiba ya chai

Mhasibu Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki lakini naona mada ni ya wote.

Nilifanya kazi ya uhasibu serikalini miaka 31, parokiani nilikuwa nakaa benchi la nyuma natoka mapema kuwahi foleni ya magari. Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo ndo walinikamata, mwenyekiti akasema wewe si mtu wa hesabu, shika daftari. Daftari lenyewe nikalikuta michango ya msiba, michango ya ujenzi na zaka zimeandikwa ukurasa mmoja, kalamu tofauti, sehemu nyingine "mama Joni kalipa" bila kusema kalipa nini. Nikatenganisha tu. Kila mfuko na safu yake, kila mwezi nasoma mbele ya watu nani katoa na kimetumikaje, wanaodaiwa siwasomi majina, nawapigia simu. Ndani ya mwaka michango ikapanda na hatujahimiza mtu, watu walikuwa wanaogopa kutupa pesa shimoni.

Sasa yakaja ya ngazi ya juu kidogo, nikaitwa kusaidia kuhesabu sadaka. Nikashauri mambo matatu, wahesabuji wasipungue watatu, wabadilike kila wiki, na fedha zihesabiwe palepale zisainiwe kabla hazijatoka chumbani. Kitu kidogo kabisa. Ndugu zangu, nilichukiwa! Kuna mtu tuliyesali naye miaka 10 aliacha kunipa mkono wa amani. Mke wangu akaniambia achana nao. Sikuacha, na sikumshtaki mtu maana sikuwa na ushahidi wa mtu, nilikuwa na utaratibu tu. Unajua Warumi 16 mstari wa 22 kuna mtu anaitwa Tertio, anasema mimi niliyeuandika waraka huu nawasalimu. Paulo ndo alisema maneno, lakini kuna mtu alishika kalamu waraka mzima, akapata sentensi moja. Huyo ndo namuona mwenzangu.

Bodaboda wa Bwana

Praise God, niko Kitale Kenya. Yangu ni fupi. Mimi ni wa boda, jumapili abiria ni wengi sana asubuhi na pesa iko. Lakini kuna shosho (bibi mzee) mmoja jirani alikuwa ameacha kwenda kanisa juu ya shida ya magoti, nikaanza kumbeba bure saa mbili kamili. Wiki ya pili akaniambia kuna rafiki yake. Saa hii nabeba shosho watano, napiga tripu tano, kazi naanza saa nne kasoro. Nilikuwa nawaangusha kwa geti narudi stage, lakini siku moja yule wa kwanza akashika jaketi akasema leo huendi, ingia. Kumbe miaka nane mimi mwenyewe sikuwa nimekanyaga kanisa.

Nesi wa Zamu

Yule mhasibu amenigusa, maana na mimi ni utaratibu tu nilipeleka, hakuna cha maana sana.

Mimi muuguzi Mbeya. Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada, wakati watu wako kwenye mnada wa mazao wanagombania mkungu wa ndizi na kuku, mimi naweka meza pembeni na mashine ya presha. Nilianza kwa sababu kwenye miezi minne tulizika watu wawili wa stroke (kiharusi) na wote walikuwa wanaimba tenor (msiniulize uhusiano hahaha). Kuna baba mmoja mzee wa kanisa alikuwa ananitania kila mwezi, anasema huyu dada anatafuta wagonjwa kwenye nyumba ya uponyaji. Siku moja kwenye mnada alizidiwa bei akamkosa jogoo, akaja kukaa kwa hasira, haya nipime na mimi nione. 210 kwa 120. Nikampumzisha, nikapima mkono mwingine, ile ile. Nikamwambia baba twende hospitali sasa hivi, akasema nikale kwanza, nikamwambia baba utakula huko. Anaishi mpaka leo, anakunywa dawa zake, na ndiye anayenibebea meza.

Nachosisitiza, mimi pale sitoi dawa hata panadol. Napima, naandika kwenye karatasi, namtuma kituo cha afya. Watu wanaomba sana "nesi si unipe tu kidonge", nakataa. Na wachungaji wengine wanaogopa ukipima watu unaonekana huna imani, wa kwangu nilimpima yeye wa kwanza mbele ya watu ikaisha hiyo.

sina_karama

Jamani mimi nasoma tu hapa, naona kila mtu ana fani. Mimi sijasoma, siimbi, sina cherehani. Nikipewa nafasi naweza kukaa na mtu kimya masaa matatu basi, hicho sidhani kama kinaitwa karama

Mama Cherehani

Mwanangu sina_karama, nilipofiwa na mume wangu waliokuja kuongea walikuwa wengi sana. Aliyekaa kimya alikuwa mmoja, alikuwa anamenya vitunguu pembeni yangu. Mpaka leo namjua kwa jina, wale wengine nimewachanganya. Hebu rudi hapa utuambie umeshakaa na nani.

Mwl wa Sunday School

Nimechelewa lakini acha niweke. Nafundisha watoto wa shule ya jumapili Dodoma. Kulikuwa na mtoto wa miaka 7 analetwa na mama yake, hasikii. Miaka miwili nilikuwa nampa karatasi achore, nikaona nimefanya kazi. Siku moja tulikuwa tunaimba, watoto wanaruka, yeye akaenda kulala kifudifudi juu ya ile spika ya chini, ametandaza mikono. Nikamvuta nikamgombeza ataichafua. Mama yake akaniambia mwalimu muache, ndo anavyosikia, anaisikia kwa kifua.

Sikulala. Likizo iliyofuata nikamtafuta mwalimu wa viziwi anifundishe lugha ya alama, jioni mbili kwa wiki, nauli yangu. Alama ya kwanza niliyojifunza ni Yesu, kidole cha kati unagusa kiganja hiki halafu kiganja kile, ile misumari. Nilipomfanyia yule mtoto alinishika mikono akairudia yeye kwenye viganja vyangu. Mpaka sasa sio kwamba najua sana, mahubiri yakikolea napotea naruka sentensi, lakini wanakuja watatu kila jumapili na mmoja ni mtu mzima.

Mzee wa Mikseri

Mwalimu nimeisoma yako nikiwa juu ya ngazi kwa mteja, nimeshuka nikakaa chini.

Yule kijana wa spika ya kushoto. Sijawahi kumsikia anaongea, na ile spika ndo inayotoa bezi zaidi. Mara tatu nimemtimua.

Nimekutumia ujumbe inbox, naomba unifundishe hata namna ya kumwambia karibu, nisamehe, simama hapa. Jumapili ni kesho kutwa.