Stripu ya LED na feni za RGB ndani ya kesi ya desktop, zinachomekwa wapi?

Kitasa_Mbovu
Wakuu habari za jioni. Nimejichanga taratibu nikabadilisha kesi ya desktop, nimetoka kwenye lile bati jeusi la kiofisi nimehamia kwenye kesi yenye kioo pembeni, sasa ndani giza tupu kioo chenyewe hakina maana. Nikaagiza mzigo Kariakoo ukapanda basi umenifikia jana hapa Dodoma: feni tatu za RGB (zenye taa za kubadili rangi) na roli moja ya stripu ya LED mita 5, ile yenye rimoti na adapta yake, hii hii watu wanaweka kwenye jipsamu za dari.

Shida inakuja kwenye kuchomeka. Feni zina soketi ya matundu matatu, stripu ina matundu manne. Madabodi yangu ni MSI, ina sehemu imeandikwa JRGB ina pini nne na nyingine JRAINBOW ina pini tatu. Nikampigia jamaa wa dukani ananiambia "hizo zote ni taa tu bro, chomeka panapoingia". Sijamwelewa ndo maana nimekuja huku kabla sijawasha kitu. Pawa saplai ni ya wati 500, itatosha? Na hii stripu nzima itaingia au naikata, nikikata haifi? Msaada wenu, mwenye matusi apite kimya kimya.

Mla_Mihogo
Hiyo hela ungeongeza RAM mkuu. Taa haziongezi spidi ya gemu hata kidogo.

Kitasa_Mbovu
RAM ninayo ya kutosha mkuu. Jibu swali.

Pasi_ya_Risasi
Achana na Mla_Mihogo huyo kila uzi wa taa lazima apite na RAM zake.

Mkuu umefanya la maana kutochomeka. Jamaa wa dukani angekuunguzia feni. Hizo soketi mbili ni umeme tofauti kabisa. JRGB ya pini nne ni volti 12, pini moja ni 12V na zilizobaki ni kijani, nyekundu na bluu, kwa hiyo stripu nzima inawaka rangi moja kwa wakati mmoja. JRAINBOW ya pini tatu ni volti 5, pale kuna 5V, data na grauni, kila kitaa ndani yake kina kichipu kinachopokea amri yake peke yake ndo maana unaona zile rangi zinakimbizana kama mawimbi. Sasa ukichukua kitaa cha volti 5 ukakipa 12, vile vichipu vinakwenda hapo hapo, husikii hata mlio, unaona tu taa haziwaki milele. Kikawaida soketi ya feni huwa imezibwa tundu moja ili isiingie kwenye pini nne, ila hizi za bei chee nyingine hazijazibwa, zinaingia kabisa vizuri, sasa hapo ndo "chomeka panapoingia" inapokutia hasara.

Kwa hiyo feni zako tatu taa zake zinaenda JRAINBOW. Waya wa kuzungusha feni ni mwingine, huo unaenda kwenye pini zilizoandikwa SYS_FAN, usichanganye. Kama feni zimekuja na kile kiboksi cha kuunganishia zote, unatoa waya mmoja tu kwenda kwenye madabodi.

Stripu sasa. Hiyo ya kwenye dari karibu zote ni 12V, lakini usiniamini mimi, isome yenyewe, kila baada ya taa tatu kuna vidoti vinne vya shaba na pembeni yake pameandikwa +12V G R B. Kama ni +5V tuambie. Hapo hapo kwenye hivyo vidoti pamechorwa kimkasi, ndo pa kukatia, unapita katikati ya shaba kabisa ili kila upande ubaki na nusu. Haifi. Ukikata kwingine zinakufa zile tatu tu, zingine zinaendelea.

Hesabu yake: stripu yenye taa 60 kwa mita za saizi ile ya 5050 inakula kama wati 14.4 kwa mita ukiwasha nyeupe full. Mita 5 ni wati 72, hizo ni ampea 6 kwenye 12V. JRGB nyingi mwisho wake ni ampea 3, kwa hiyo roli nzima kwenye madabodi HAPANA. Ila kesi ya saizi ya kati ukizunguka fremu ya ndani unatumia kama mita moja na nusu, hiyo ni wati 22 hivi, hata ampea 2 haifiki. Pawa saplai ya 500 haitajua hata kama kuna kitu kimeongezeka.

Kitu cha mwisho na hiki ndo kinawaponza wengi. Kwenye hizi stripu waya MWEUSI mara nyingi ndo chanya, ndo 12V. Kwenye pawa saplai mweusi ni grauni. Mtu kazoea mweusi ni hasi anaunganisha kwa mazoea, imekula kwake. Soketi ya stripu huwa ina kimshale kidogo upande mmoja, kimshale kinakaa kwenye pini ya 12V. Ukichomeka, kimshale na 12V vitazamane basi.

Kitasa_Mbovu
Daah mkuu asante sana aisee, nimeenda kuisoma kwa tochi ya simu kweli imeandikwa +12V G R B na waya mweusi uko upande wa 12V. Kwa hiyo kontrola, kile kidude kinachopokea rimoti, na rimoti yenyewe natupa? Maana nilizipenda zile batani za rangi.

Pasi_ya_Risasi
Sio lazima utupe, una njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya JRGB, unaachana na kontrola, rangi unabadilishia kwenye programu ya MSI inaitwa Mystic Light, na kama hupendi programu nzito kuna OpenRGB ni ya bure inafanya kazi Windows na Linux na inazijua madabodi nyingi za kampuni tofauti. Kabla hujaiachia iandike kitu hakikisha modeli ya madabodi yako iko kwenye listi yao.

Ya pili unabaki na kontrola, unaipa umeme wa Molex, ile soketi nyeupe kubwa ya pini nne inayotoka kwenye pawa saplai. Waya wa njano ni 12V, nyekundu ni 5V, nyeusi mbili za katikati ni grauni. Unachukua njano na mweusi ulio jirani yake, unaviunganisha kwenye plagi ya duara inayoingia kwenye kontrola, njano kwenye msumari wa kati. Nyekundu unaikata unaifunga na mpira unaosinyaa kwa moto isiguse bati. Raha ya hii ni kwamba taa zinawaka na kuzimika na kompyuta, hubaki na adapta inaning'inia ukutani. Pima na multimita kabla hujachomeka, kama huna azima, fundi redio yeyote mtaani anayo.

Karaha yake ni rimoti. Ile ni ya mwanga usioonekana kama rimoti ya TV, lazima kile kijicho cha kontrola kionane na rimoti. Ukikificha nyuma ya bati la madabodi utabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Kipitishe nje kwenye moja ya zile nafasi za nyuma za kadi, au kibandike kwenye kona ya kioo kwa ndani.

Msee_wa_Luthuli
Niaje wakuu. Pasi ameongea poa sana kuhusu waya, mimi naongeza ya kubandika sababu hapa Nairobi nimefungia watu hizi vitu mob. Kosa naona kila siku ni mtu anabandika stripu ikitazama kioo, ukikaa kwa meza unaona zile nukta nukta zinakuchoma macho tu, huoni kompyuta. Stripu inafaa ifichwe. Fungua kioo uangalie ile fremu ya chuma inazunguka mlango, iko na ukingo umejikunja kwa ndani kama sentimita mbili hivi. Bandika ndani ya huo ukingo, taa zikitazama madabodi zikupe mgongo. Ukifunga kioo huoni taa hata moja, unaona tu mwanga umelalia vitu. Juu na mbele inatosha, chini usiweke sana sababu kadi ya grafiki inaziba halafu kivuli kinakaa vibaya.

Halafu rangi moja tu boss. Hiyo ya kukimbizana unaizima after wiki, kila mtu huzima. Na usipige ile nyeupe ya stripu ya RGB, huwa imeingia bluu bluu, kama unataka nyeupe safi nunua stripu ya nyeupe tupu.

Babu_wa_Pentium
Mnanikumbusha mbali vijana. Miaka ya 2000 mwanzoni hizi LED za kesi zilikuwa chache, tulikuwa tunaweka mirija ya kioo, myembamba ina bluu kali, cold cathode. Inakula 12V ya Molex halafu kuna kiboksi kinaipandisha mpaka volti mamia huko, ukishika waya wake vibaya unaruka. Na kioo pembeni hakikuwepo, unakata bati mwenyewe kwa jigsaw unabandika akrili. Nyie mnadekezwa.

Kitasa sikiliza, gundi. Ile gundi ya nyuma ya stripu kwa joto letu na vumbi la Dodoma haifiki mbali ukibandika kienyeji. Futa bati kwa spirit, lisubiri likauke kabisa, ndo ubandue ile karatasi kidogo kidogo huku unabandika, kila kipande ukikandamize na kidole gumba uhesabu taratibu. Kwenye kona usiipinde kwa ubavu, shaba inakatika ndani huoni, taa zinaanza kupepesa baadaye. Ipindishe kwa mgongo kama utepe au kata na uunge waya. Na kila mwisho wa stripu weka kamba ya plastiki, zile za kubana waya, maana ikibanduka inabanduka kuanzia mwisho. Ikidondokea feni ya kadi utasikia mlio ambao hutaupenda.

Na kama pawa saplai yako haina Molex utahitaji kiunganishi cha SATA (ile soketi bapa ya umeme wa diski) kwenda Molex, ila usinunue vile ambavyo waya za upande wa SATA zimemwagiwa plastiki ya kuyeyushwa, soketi za SATA za namna hiyo zinajulikana kwa kuungua. Tafuta vile waya zimebanwa na vibanio, unaziona zinapoingia.

Mla_Mihogo
Sawa nimekubali la RAM limepita. Swali langu, mimi nina Dell OptiPlex ya mtumba, haina JRGB wala nini, na mlango wa bati. Naweza kweli au ndo nikae kimya?

Pasi_ya_Risasi
Kumbe nawe umo 😂

Unaweza. Ila hizo za kiofisi angalia, nyingi pawa saplai yake sio ya kawaida, umeme wa diski unatokea kwenye madabodi yenyewe kwa kijisoketi kidogo, usiuchokonoe ule kwa ajili ya taa. Chukua ile stripu fupi ya USB wanayouza ya nyuma ya TV, hiyo ni 5V, chomeka nyuma kwenye USB ukapitishie waya kwenye nafasi ya kadi. USB 2.0 inatoa miliampea 500 tu kwa hiyo usitafute ndefu. Ila kwa mlango wa bati utamulikia nani? Bandika nyuma ya meza au ya skrini, mwanga ulalie ukutani, inapendeza kuliko ndani.

Kitasa_Mbovu
Wakuu mrejesho. Nimefuata ya JRGB, nimekata mita moja na nusu, nimeficha kwenye ukingo kama alivyosema wa Luthuli, feni ziko JRAINBOW kupitia kile kiboksi. IMEWAKA. Nimeweka rangi ya chungwa, kadi inaonekana ndani kama imewekwa kwenye kabati la duka la sonara. Mchumba kapita kaangalia kasema "sasa hiyo inafanya nini?" nikamwambia inafanya hivyo hivyo.

Kamebaki kamoja. Nikizima kompyuta kabisa taa za feni zinaendelea kuwaka, na nalala chumba hicho hicho. Nikizima swichi ya ukutani ndo zinazima. Nimekosea wapi?

Pasi_ya_Risasi
Hujakosea. Kompyuta ikizimwa pawa saplai bado inaipa madabodi kaumeme kadogo ka kusubiria, kale kanakotumika kuiwasha ukibonyeza batani, na madabodi nyingi zinakapeleka mpaka kwenye taa. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya madabodi unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka, kwenye MSI ni Settings, Advanced, Power Management Setup, utaona ErP Ready, ndo ya kukata huo umeme wa kusubiria, weka Enabled, sevu utoke. Ila ukiiwasha hiyo, kuchaji simu kwa USB kompyuta ikiwa imezimwa kunaweza kuisha, na kuiwasha kwa mtandao pia. Kama huvitumii haikuhusu.

Kitasa_Mbovu
Imezima! Chumba giza safi. Barikiwa mkuu.

Msee_wa_Luthuli
Poa sana. Hiyo mita tatu na nusu ilibaki usitupe, angalia mwisho wa roli, nyingi ziko na waya pande zote mbili, unarudisha tu kontrola na adapta yake inafanya kazi kivyake.

Mla_Mihogo
Hiyo mita tatu na nusu unauza bei gani mkuu? Na kontrola yake.

Kitasa_Mbovu
Imeshapanda kabatini jikoni, mchumba kaiwahi.