Premio inakwangua matuta, muuzaji anasema nivalishe 205/70 badala ya 195/65. Niweke au niache?

Matuta_Mengi:
Wakuu habari za mida hii. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya tairi. Nina Premio new model cc 1800, imekuja toka Japani na rimu zake za 15, tairi zimeandikwa 195/65R15 91Q. Sa hivi zimebaki vipara nataka nivalishe mpya zote nne. Shida gari iko chini, nakaa Goba ndani ndani huko, ukitoka lami ni vumbi na makorongo, na matuta ya mtaani kila mtu kajenga na urefu wake, nikibeba familia lazima ekzosi ikwangue. Nimeenda Kariakoo muuzaji wa kwanza ananiambia chukua 205/70R15 inaingia rimu hiyohiyo na gari inanyanyuka, wa pili anasema hapana hiyo itagusa chukua 205/65, wa tatu 195/65 hana basi ananiambia beba 185/65 ni kitu kilekile tu. Nimerudi home mikono mitupu. Hizi namba maana yake nini hasa, na nikiweka kubwa kuna madhara gani? Kuna jamaa pia kaniambia spidi kwenye dashibodi itasoma uongo, hiyo imekaaje?

Mzee_wa_Geji:
Mkuu umefanya vizuri kurudi mikono mitupu, hao watatu kila mmoja alikuwa anauza alichonacho stoo.

Twende taratibu. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 sio milimita, ni asilimia, maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, kwaiyo ukibadili upana na ubavu nao unabadilika hata kama 65 umeiacha vilevile, hapa ndo wengi wanapigwa. R ni aina ya tairi, rediali, sio R ya rimu. 15 ndo rimu yenyewe kwa inchi.

Sasa chukua kalkuleta. 195 mara 0.65 ni 126.75, huo ni ubavu mmoja, na tairi ina ubavu juu na chini kwaiyo 253.5, jumlisha rimu ya inchi 15 ambayo ni milimita 381, unapata kipenyo 634.5. Fanya hivohivo kwa zile walizokupa: 205/65R15 inakuja 647.5, 205/70R15 inakuja 668, na 185/65R15 ni 621.5.

Kitu ambacho muuzaji hakwambii ni kwamba gari inapanda nusu tu ya tofauti ya kipenyo, maana nusu nyingine inaenda juu ya ekseli kuelekea madigadi. Kwaiyo 205/65 inakunyanyua milimita 6.5, hata kidole hakifiki. 205/70 inakupa kama 17, ila hiyo nafasi ya 17 umeitoa wapi? Umeitoa kwenye madigadi, ukipakia watu watano ukakata stelingi yote ukiingia shimoni ndo utaisikia inasaga plastiki. Na ile 185/65 ya "kitu kilekile" inakushusha milimita 6.5, yaani wewe unalia gari iko chini mtu anakuuzia ishuke zaidi 😂

Kuhusu spidi jamaa yako yuko sahihi. Dashibodi inahesabu mizunguko ya tairi, haijui umevaa tairi gani. 205/70 imezidi ya kiwandani kwa asilimia 5 na kidogo, kwaiyo mshale ukisoma 80 wewe uko kama 84. Mafundi wengi wanaenda na kanuni ya kutozidi asilimia 3 juu au chini, 205/65 iko asilimia 2 hivi, hiyo inavumilika.

kichwa_ngumu_Tz:
Acheni kutisha watu na hesabu. Mi Premio yangu nimepiga 205/65 muda mrefu tu, natembea Dar Moro, Dar Tanga, haigusi popote na mafuta sioni tofauti. Spidomita za kiwandani zenyewe zinasomaga juu kuliko mwendo wa kweli, kwaiyo hiyo asilimia 2 inamezwa humohumo. Vaa 205/65 mkuu, na bado inaonekana imejaa vizuri kwenye madigadi sio ule wembamba wa 195.

Mzee_wa_Geji:
@kichwa_ngumu_Tz mbona hatujabishana kaka, nimesema 205/65 inavumilika. Ninayoikataa ni 205/70. Kwenye 50 pale unapita na 52 na ushee, tochi (kile kipima spidi) imekukaa, utamweleza trafiki habari ya ubavu wa tairi?

Gereji_ya_Uani:
Nashangaa hakuna aliyeona ile Q. Mkuu @Matuta_Mengi hebu toka nje kaangalie ubavuni kama kuna neno STUDLESS. Magari mengi ya Japani yanashuka bandarini yamevaa tairi za theluji, zile zenye vikato vidogo vidogo vingi kama vya wembe kwenye kila kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara), na kwa hizo herufi ya Q ni ya kawaida kabisa. Mpira wake ni laini, umetengenezwa ushike barafu, sasa ukiuleta kwenye lami ya Chalinze saa saba mchana unalika haraka na gari inakuwa inaogelea kwenye kona. Kama ni hizo basi usishangae zimeisha mapema.

Hiyo 91Q inasomwa hivi: 91 ni uzito, tairi moja inabeba mpaka kilo 615. Q ni spidi ya mwisho ya tairi, 160 kwa saa. S ni 180, T 190, H 210, V 240. Herufi ikiwa ya spidi kubwa kuliko ya kwako haina shida, ila namba ya uzito usishuke. 185/65R15 nyingi utakuta ni 88, hiyo ni kilo 560, umeshapoteza kilo 55 kila tairi. Kwa Premio ya familia labda usione kitu, ila wenye Probox na Hiace wanaovalisha tairi za saluni (gari ndogo za abiria) halafu wanapakia viroba vya mkaa ndo wale tunawakuta Mikese tairi imefunguka kama maua.

Kingine, tafuta DOT ubavuni, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ikiwa 3518 maana yake wiki ya 35 mwaka 2018. Ukiona tarakimu tatu kimbia, hiyo ni ya kabla ya 2000. Mtumba unaweza ukawa na kashata nzuri inang'aa kumbe mpira umeshakauka, pinda ubavu kwa gumba uangalie nyufa. Mi kwa tairi za mbele sishauri mtumba kabisa, bora ununue mpya ya bei ya kati.

Na upepo: fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika, ina saizi ya tairi ya kiwandani na upepo wake. Ikiandikwa 230 kPa au 2.3 hiyo ni kama PSI 33. Wale vijana wa pancha wanaangalia ubavu wa tairi wakaona MAX 44 wanakujazia 44, hiyo ni kikomo cha tairi sio upepo wa gari yako. Ikijaa kupita kiasi inalika katikati, na kila kokoto la Goba litagonga mpaka kwenye meno.

mama_wa_Rav4:
Naomba kudandia hapohapo. Rav4 yangu four wheel, mbele zimeisha nyuma bado nzuri. Naweza kuweka mbele saizi tofauti kidogo na nyuma?

Gereji_ya_Uani:
Hapana dada usithubutu. Mbele na nyuma zikitofautiana kipenyo zinazunguka tofauti muda wote, ule mfumo wa four wheel unakuwa unavutana wenyewe kwa wenyewe, unapata moto mpaka unaharibika, na bei yake sio ya tairi. Hata saizi ikiwa moja, mpya mbele na zilizolika sana nyuma sio vizuri. Badili zote nne, au kama za nyuma bado nzima tafuta zinazofanana nazo kwa saizi na kimo cha kashata.

Matuta_Mengi:
Wakuu nimetoka kuangalia, kweli imeandikwa STUDLESS na DOT inaishia 4115 🙆🏾‍♂️ Stika mlangoni ni 195/65R15. Kwaiyo nachukua mpya 195/65 au 205/65 nitakayoikuta ya mwaka wa karibuni. Ila tatizo la kukwangua linabaki palepale, hapo nafanyaje?

Mzee_wa_Geji:
Kukwangua hakuponi kwa tairi. Pima kwanza springi za nyuma na shokapu, gari ya umri huo springi zinakuwa zimelala. Ukifunga mpya unaweza kushangaa imerudi juu yenyewe. Kama bado, watu wanaweka spesa juu ya springi, ila usiende na ndefu sana maana zinabadilisha mkao wa draivu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu). Ukimaliza yote hayo ndo ufanye alaimenti (kunyoosha magurudumu), usianze na alaimenti.

Matuta_Mengi:
Nashukuru sana. La mwisho, nikichukua 205/65 spea yangu itabaki 195/65, ina shida?

Gereji_ya_Uani:
Kwa kujikokota mpaka kwa fundi haina shida. Ila pancha ikitokea mbele, hamisha tairi nzuri ya nyuma uipeleke mbele, spea ivae nyuma, maana mbele ndo kwenye difu (inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) kwa hiyo Premio. Kama yako ni ya four wheel, basi tafuta spea ya 205/65 nayo.