Nyama ya udhiya imezidi na friza ni moja: nianzie wapi?

Binti wa Chumbageni, Tanga

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa. Nyumbani kwetu tumechinja ng'ombe mmoja wa udhiya, yaani mnyama wa ibada ya Idd el-Hajj, wa hisa saba, na kabla hatujamaliza kufunga mafungu ya kugawa, nyama ya mbuzi kutoka kwa majirani na kwa wakwe ilikuwa imeshaanza kuingia, maana katika mtaa wetu karibu kila mwenye uwezo alichinja. Masikini tunaowafahamu na jamaa wote wamepata, na bado tumebakiwa na kilo kama 30 za nyama mbichi yenye mifupa, maini na utumbo, pamoja na sufuria kubwa ya nyama iliyochemshwa kwa ajili ya pilau ya jana ambayo wageni hawakuimaliza. Iliyopikwa imo jokofuni tangu jana mchana. Friza yetu ni ya lita 200, na umeme hukatika bila taarifa.

Mnyama huyu amechinjwa kwa ibada, nami sitaki kuona hata kipande kimoja kikitupwa jaani. Nianze na ipi, niihifadhi vipi, na nipike nini ambacho familia haitakikinai?

Mzee wa Kibokoni, Mombasa

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Kabla hujaifikiria friza, utazame tena ugawaji. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, fungu la masikini hutolewa likiwa bichi ili anayepewa alitumie apendavyo, na ikiwa udhiya ilikuwa ya nadhiri, mwenyewe hali chochote ndani yake. Kwa hiyo usingoje mpaka upike ndipo ugawe. Kugawa mafungu matatu, la nyumbani, la jamaa na marafiki, na la masikini, ni desturi njema, lakini hakuna kinachokuzuia kutoa zaidi ya hapo.

Jambo linaloniumiza kila Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd hii, ni kwamba nyama huzunguka baina ya nyumba zilizochinja, ikitoka kwangu kwenda kwako na kutoka kwako kurudi kwangu, ilhali vitongoji vilivyo mbali kidogo na mji havijapata hata ya supu. Hizo kilo 30 zako ni ushahidi wa jambo hilo. Mtafute mtu mwenye pikipiki leo hii, kabla ya alasiri, muulizie imamu wa msikiti wa kijijini, madrasa yenye wanafunzi wanaolala hapo hapo, au nyumba inayolea mayatima, na mpeleke walau nusu. Usiuze nyama wala ngozi, na mchinjaji alipwe ujira wake kwa fedha. Ukitaka kumpa nyama baada ya hapo, iwe ni zawadi.

Kuweka akiba si vibaya. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu katika mwaka ambao masikini wa jangwani waliingia Madina wakiwa na shida, kisha baadaye akawaruhusu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Hali ya walio karibu nawe ndiyo itakayokuonyesha mwaka huu unafanana na upi.

Mkaguzi wa Nyama, Morogoro

Ninakubaliana na mzee, nami nitajibu upande wa kazi yangu. Anza na maini na utumbo, kwa sababu hata ndani ya jokofu lenye nyuzi 4 za selsiasi au chini yake havistahili kukaa zaidi ya siku moja au mbili. Vipike leo. Nyama mbichi ya kawaida hustahimili siku 3 hadi 5 katika baridi hiyo, na iliyopikwa siku 3 au 4.

Sufuria ya nyama ya pilau ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko nyama mbichi. Watu wengi huamini kwamba kitu kikishachemka kimesalimika, lakini wapo vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sufuria kubwa inapopoa polepole huku katikati yake pakiwa na uvuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu hivyo huamka na kuongezeka bila kubadilisha harufu wala ladha. Ikiwa nyama yako iliingia jokofuni ndani ya saa 2 tangu ilipoepuliwa, igawanye sasa katika vyombo vipana visivyo na kina, na kila mlo utoe kiasi kitakacholiwa, ukipashe moto mpaka kichemke chote, wala usirudishe mabaki. Ikiwa ilishinda mezani tangu asubuhi, kwa joto la Tanga, nakusihi usiile. Najua ni vigumu kuitupa nyama ya ibada, lakini ni vigumu zaidi kuuguza nyumba nzima.

Kuhusu friza, nyama ya mnyama aliyechinjwa muda huo huo isigandishwe papo hapo. Misuli yake huwa bado haijapitia hatua ya kukakamaa na kulegea, na ukiigandisha katika hali hiyo huwa ngumu kama mpira inapoyeyuka. Ilaze jokofuni usiku mmoja kwanza. Kisha ifunge katika mifuko ya nusu kilo iliyosambazwa iwe bapa, na uitie kidogo kidogo, kwa sababu friza ya lita 200 haiwezi kugandisha vizuri zaidi ya kilo 7 hadi 10 kwa siku. Ukiijaza yote kwa mara moja, iliyo katikati huanza kuharibika kabla baridi haijaifikia.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushikilia baridi kwa siku 2 hivi, na iliyojaa nusu kwa siku moja, kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji yaliyoganda. Umeme ukirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuigandisha tena.

Mpishi wa Ng'ambo, Unguja

Dada, mifupa ndiyo inayomaliza nafasi ya friza, wala si nyama. Kabla ya kufunga kitu chochote, toa minofu, kisha mifupa yote uichemshe kwa tangawizi, thomu na chumvi kwa moto mdogo mpaka supu ipungue na kuwa nzito. Ipoze upesi kwa kuiweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, uitie katika vikopo na uigandishe. Utakuwa na supu ya asubuhi ya kula na chapati, na maji ya kupikia pilau, katika nafasi ndogo mno.

Minofu isiyo na mafuta isage kima. Ikaange na vitunguu, bizari nyembamba, pilipili manga na ndimu mpaka ikauke kabisa, maana kima chenye maji hulowesha manda, yaani ngozi za sambusa, halafu ufunge sambusa na uzigandishe zikiwa hazijakaangwa. Nyingine ichanganye na viazi vilivyopondwa ufanye katlesi.

Hiyo iliyokwisha kuchemshwa, ikiwa ni salama kama alivyoeleza ndugu yetu wa Morogoro, mimi ningeifanyia bokoboko na si kingine. Roweka ngano iliyokobolewa usiku kucha, ichemshe mpaka ilainike, uchambue nyama nyuzi nyuzi na kuitia humo pamoja na supu yake, kisha upige kwa mwiko bila kuchoka mpaka nyama na ngano visitambulikane. Juu yake mimina samli ya moto na vitunguu vya kukaanga. Familia iliyokinai nyama haioni kwamba inakula nyama tena, na hilo ndilo ulilotuuliza. Kwa siku nyingine badilisha kabisa ladha: muhogo wa nazi wenye vipande vichache vya nyama, au mchuzi wa ukwaju. Kinachokinaisha ni pilau mfululizo.

Mkaazi wa Isiolo

Nimeona wote mmeitegemea baridi. Huku kwetu, Waborana na Wasomali walihifadhi nyama kwa karne nyingi bila umeme, na nyirinyiri bado hutengenezwa katika nyumba nyingi. Nyama isiyo na mafuta hukatwa vipande virefu vyembamba na kuanikwa juani mpaka ikauke, kisha hukatwakatwa vidogo kama punje na kukaangwa polepole katika mafuta mpaka maji yote yatoke na rangi iwe ya kahawia iliyoiva. Hutiwa chumvi na hiliki, ikapakiwa katika chombo kikavu na kufunikwa kwa samli au mafuta ya mnyama. Hukaa wiki nyingi nje ya jokofu, na huliwa kwa chai au kwa anjera, ule mkate mlaini kama chapati za maji. Kwa mtu ambaye umeme wake haumwaminishi, sioni njia inayoizidi hii.

Mkaguzi wa Nyama, Morogoro

Ndugu wa Isiolo amesema kweli, ila ninaomba dada azingatie tofauti ya mahali. Isiolo ni kukavu. Idd hii kwa miaka hii inaangukia Mei na Juni, na Tanga wakati huo ina upepo wa kusi, mawingu na unyevunyevu wa masika usiokwisha, kwa hiyo nyama ikianikwa nje inaweza kuvunda kabla haijakauka. Vipande viwe vyembamba mno na vikaushwe katika oveni yenye moto mdogo, mlango ukiwa wazi kidogo. Kabla ya kufunika kwa mafuta, kata punje kadhaa uhakikishe hazina ulaini ndani, kwa sababu unyevu uliofungiwa pasipo hewa ndio unaozaa sumu mbaya kuliko zote. Na kwa mara ya kwanza, chombo chako kiweke jokofuni hata kama mapokeo hayakudai hivyo.

Binti wa Chumbageni, Tanga

Mwenyezi Mungu awalipe heri. Nyama ya pilau iliingia jokofuni mara baada ya wageni kuondoka, chini ya saa moja tangu iepuliwe, kwa hiyo ngano nimekwisha kuiroweka. Kaka yangu anaondoka sasa na kilo 16 kuelekea madrasa moja upande wa Pangani, na maini yapo jikoni. Nimebakiwa na swali moja kwa ndugu wa Isiolo: shahamu ya mbuzi tuliyoitenga inafaa kufunikia nyirinyiri, au ni lazima niwe na samli?

Mkaazi wa Isiolo

Inafaa, dada. Iyeyushe kwa moto mdogo mpaka iache kutoa mapovu, maana mapovu ni dalili kwamba bado ina maji, uichuje kwa kitambaa safi, na uimimine ingali moto mpaka ipite juu ya nyama kwa kiasi cha kidole kimoja. Kila unapochota tumia kijiko kikavu, na usawazishe mafuta juu tena kabla ya kufunika.