Shairi la "Amina": maombolezo yenye vina yanabebaje huzuni ya kweli?

Swali
Wapenzi wa ushairi, salamu. Ninasoma upya "Amina", shairi ambalo Shaaban Robert alimwombolezea mkewe. Je, msiba ukipangwa kwa mizani na vina haugeuki kuwa pambo tu?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, mimi naona arudhi, yaani kanuni za utunzi kama vina na mizani, ndiyo inayomwezesha mfiwa kusema. Mshororo wa mizani (silabi) 16 humpa mahali pa kuanzia na mahali pa kutua, wakati ambapo nathari ingemwacha akitangatanga. Tazama pia kituo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa: kila ubeti, hata ukitaja maradhi na mauti, unarejea kwenye mapenzi yaliyofungwa ambayo hapana wa kuyafungua, kwa hiyo kauli ya mwisho huwa ya ndoa, si ya kaburi.

Jibu la pili
Nakubali, ila kwangu uzito uko ubeti wa tatu. Hapo mshairi anakiri kwamba majonzi hayaneneki, lakini anaendelea kunena, kisha anakataa kusadiki kuwa mauti ndiyo mwisho. Imani hiyo haifuti uchungu. Vyote viwili vinakaa katika ubeti mmoja.

Jibu la tatu
Mlinganishe na Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wosia. Pale anayeondoka ndiye anayesema, na badala ya kujililia anamwelekeza mwanawe namna ya kuishi na watu, kutunza nyumba na kumcha Mungu.

Muuliza swali
Ahsanteni. Nitausoma tena ubeti wa tatu, safari hii kwa sauti.