Mrejesho: wapi pa kula kwenye mji wa milimani

Wakuu, niliuliza hapa niwapeleke wapi wazazi wangu kula kwenye mji wa milimani, penye mandhari na chakula cha uhakika. Asanteni sana.

Usiku tulikula mjini wanakokula wenyeji, kama mlivyoshauri. Tulipatia kabisa; mama aliomba kuongezewa. Mchana kwenye mgahawa wa ukingoni hatukufanikiwa: tulifika saa nane, ukungu umeshapanda, bonde lote jeupe. Tukarudi kesho yake saa moja asubuhi kwa chai, mzee akasimama na kikombe mkononi akihesabu vilima.

Aliyesema tuagize mapema kwa simu, ubarikiwe. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo vya kuchemsha hukawia kuiva. Na bebeni masweta.